UZI: Janet Rowley, mama aliyeona kromosomu mbili zimebadilishana vipande, na vidonge vya CML vilivyokuja baadaye

Mpimadamu wa Temeke:
Wakuu, heshima kwenu. Ukikaa kwenye foleni ya kliniki pale Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, utakutana na watu wenye ile saratani ya damu inayoitwa CML. Wengine wametoka Kariakoo asubuhi, wanapimwa, wanachukua vidonge vyao vya imatinibu, wengi tunaviita Glivec, halafu wanarudi dukani. Miaka ya 1990 mgonjwa wa namna hiyo, hata awe Marekani na bima yake, madaktari walikuwa wanamhesabia miaka michache tu, labda apate mtu wa kumpandikizia uboho, ile nyama laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu.

Mimi ni mtu wa maabara. Nimeona niandike kuhusu mwanasayansi ambaye kazi yake ndiyo iliyoonyesha ni wapi dawa hiyo itafutwe. Anaitwa Janet Rowley. Hapa kwetu jina lake halitajwi, hata vyuoni linapita haraka kwenye mstari mmoja wa somo la damu, na hilo linaniuma. Nitashusha kwa vipande maana naandikia simu.

Ngosha wa Kigamboni:
Natia nanga hapa. Shusha mkuu.

Mpimadamu wa Temeke:
Alizaliwa New York tarehe 5 Aprili 1925, akakulia Chicago, mtoto wa walimu. Akiwa na miaka 15 alipata ufadhili wa kuingia programu maalumu ya Chuo Kikuu cha Chicago. Alipoomba kusomea udaktari hapo hapo, darasa lilikuwa la watu 65 na wanawake waliruhusiwa 3 tu. Nafasi hizo 3 zilikuwa zimeshajaa. Akasubiri miezi tisa ndipo akaingia. Alihitimu 1948, na kesho yake akafunga ndoa na Donald Rowley, daktari mwenzake. Walijaliwa watoto wanne, wote wa kiume.

Sasa sikilizeni hapa. Kwa karibu miaka ishirini akilea watoto hakufanya kazi ya wiki nzima. Alikuwa anakwenda siku chache, siku nyingine yuko na watoto. Kazi yake ilikuwa kwenye kliniki ya watoto wenye ulemavu wa akili, wengi wao wakiwa na ugonjwa wa Down. Mwaka 1959 watafiti wa Ufaransa wakaonyesha kwamba mtoto wa Down ana kromosomu (vile vijiti ndani ya seli vinavyobeba jeni) namba 21 tatu badala ya mbili. Rowley aliyekuwa anawaona watoto hao kila wiki akaanza kutaka kuziona kromosomu kwa macho yake.

Mwaka 1961 mume wake alikwenda Oxford kwa mwaka mmoja wa utafiti. Mama naye hakukaa kupika tu. Akaingia maabara ya watu wa damu, akajifunza kusoma kromosomu. Waliporudi Chicago 1962 akamfuata Leon Jacobson, mkuu wa hospitali ya utafiti wa saratani pale chuoni, akamwambia ana kazi aliyoianza Oxford na anataka kuimaliza. Aliomba hadubini, sehemu ya kukaa, na mshahara unaotosha kumlipa dada wa kazi wa kuangalia watoto. Akapewa vyote. Naendelea.

Binti wa PCB:
Shikamoo kaka. Mimi niko kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Kromosomu tunazichora tu daftarini, hatujawahi kuziona. Hivi miaka hiyo walizionaje? Na walijuaje hii ni namba 9 na hii ni namba 10 wakati zinafanana?

Mpimadamu wa Temeke:
Marahaba mdogo wangu, umeuliza swali lenyewe hasa.

Kromosomu zinaonekana vizuri pale tu seli inapojigawa. Unachukua damu au uboho, unaziacha seli zijigawe, kisha unaweka dawa ya kolchisini inayozisimamisha katikati ya kugawanyika. Unaziloweka kwenye maji yenye chumvi kidogo ili zivimbe na kromosomu zitawanyike. Unadondosha tone kwenye slaidi, unapaka rangi, unapiga picha, unasafisha picha kwenye chumba cha giza. Halafu unachukua mkasi, unakata kila kromosomu kwenye picha na kuzipanga kwa jozi, kubwa hadi ndogo. Zipo 46, jozi 23. Hata hesabu hiyo ya 46 ilithibitishwa 1956 tu. Kabla ya hapo vitabu vilisema 48.

Shida ndiyo hiyo uliyoitaja. Miaka ya 1960 rangi ilikuwa inapaka kromosomu nzima sawasawa. Namba 6 mpaka 12 zote zilionekana vijiti vya urefu unaokaribiana. Rowley alikaa karibu miaka minane akizitazama za wagonjwa wa damu, anaona kuna jambo haliko sawa ila hawezi kusema ni kromosomu ipi. Nadhani wengi tungekuwa tumeshaacha.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya watafiti wa Sweden kugundua kwamba ukipaka kwinakrini na kutazama kwa mwanga maalumu, kila kromosomu inatoa mistari yake, mingine inang'aa na mingine imefifia, na mpangilio huo haufanani na wa kromosomu nyingine yoyote. Rowley alikuwa amerudi Oxford mwaka 1970 hadi 1971, akajifunza mbinu hiyo ikiwa bado mpya kabisa.

Na watu wa maabara mtapenda hili. Kwinakrini ilikuwa dawa ya malaria, askari walimezeshwa sana wakati wa Vita Kuu ya Pili. Rangi ya pili aliyoitumia ni Giemsa, hiyo hiyo tunayopakia slaidi za malaria kila siku hospitali za Temeke, Amana na Mwananyamala. Aliyeitengeneza, Gustav Giemsa, alikuwa mfamasia Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1895 hadi 1898, yaani nchi hii hii, kabla hajarudi kwao na kuitoa rangi yake.

Binti wa PCB:
Sikujua kabisa. Asante kaka, endelea tafadhali.

Mpimadamu wa Temeke:
Sasa tufike 1972. Rowley anazileta picha nyumbani, anazikata mezani, meza ile ile wanayolia chakula. Watoto walikuwa wanaambiwa wasipige chafya. Kwao ilikuwa mama anacheza na vikaratasi.

Kwanza aliwatazama wagonjwa wa saratani kali ya damu. Akaona namba 8 imepungukiwa kipande na namba 21 imeongezeka kipande. Vimehama. Akarudia kwa mgonjwa mwingine, jambo lile lile.

Kisha akageukia CML. Tangu 1960 ilijulikana kwamba wagonjwa wa CML wana kromosomu moja iliyofupishwa. Peter Nowell na David Hungerford waliiona mjini Philadelphia, ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. Kwa miaka 12 karibu kila mtu aliamini kipande kilichokosekana kimepotea. Rowley akiwa na picha zenye mistari akaona kwamba iliyofupishwa ni namba 22, na kwenye ncha ya namba 9 ya mgonjwa yule yule kuna kipande cha ziada. Akalinganisha ukubwa, ukakaribiana. Akarudi kwenye sampuli nyingine za CML, akakuta namba 9 na 22 zina hali hiyo hiyo. Hakuna kilichopotea. Taarifa ikatoka kwenye jarida la Nature mwezi Juni 1973. Alikuwa na miaka 48.

Msomi Ubungo:
Mkuu, uzi mzuri, ila hapa nakupinga kidogo kwenye kugawa sifa. Wewe mwenyewe umesema kromosomu ya Philadelphia ilishaonekana 1960. Wazo kwamba saratani inatokana na kromosomu nalo ni la zamani, Theodor Boveri wa Ujerumani aliliandika 1914. Rowley alipata rangi nzuri kuliko waliomtangulia, basi. Mtu mwingine yeyote mwenye rangi hiyo angeliona.

Mpimadamu wa Temeke:
Msomi, nakuheshimu, lakini sikubali, na nitakuambia kwa nini.

Boveri alikuwa na wazo, hakuwa na njia ya kulipima kwa mgonjwa. Nowell na Hungerford walifanya kazi kubwa sana na sifa yao hainyimwi. Mwaka 1998 Nowell, Rowley na Alfred Knudson walipewa kwa pamoja tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba Marekani. Ila tazama tofauti ya swali. Ukiamini kipande kimepotea, unatafuta jeni iliyokosekana, na huijui iko wapi. Ukijua kipande kimehama na kushikana na kingine, unakwenda moja kwa moja kwenye maungio na kuuliza pale palipounganika kuna nini.

Na ndivyo walivyofanya. Mwaka 1982 ikaonekana kwamba jeni inayoitwa ABL, ambayo makazi yake ni namba 9, kwa wagonjwa wa CML imehamia namba 22. Huko imegandana na jeni nyingine iliyopewa jina BCR. Zimekuwa jeni moja, zinatengeneza protini moja ambayo mwili wa mtu mzima kiafya hauna. ABL ya kawaida ni kama swichi, inawasha amri ya seli kujigawa na kuizima. Ikishaungana na BCR haizimiki. Uboho unamwaga seli nyeupe bila kusimama. Mtu wa kawaida ana seli nyeupe kama 4,000 hadi 11,000 kwa kila maikrolita ya damu. Wa CML nimeona karatasi zinasoma zaidi ya 100,000. Mwaka 1990 watafiti wakaiweka jeni hiyo ya muungano kwenye uboho wa panya, na panya wakapata ugonjwa unaofanana na CML.

Kuhusu "yeyote angeliona": rangi hiyo walikuwa nayo watu wengi duniani kufikia 1972. Wengi wao waliamini kromosomu zilizovurugika ndani ya saratani ni matokeo ya ugonjwa, vurugu tu, hazina maana. Ukiamini hivyo huzipangi mezani usiku mmoja baada ya mwingine. Hata baada ya 1973 alizunguka miaka kwenye mikutano akiwaeleza wenzake kwamba uhamisho huu unarudi ule ule kwa ugonjwa ule ule, kwa hiyo si bahati nasibu. Mwaka 1977 yeye na wenzake wakatoa wa tatu, kati ya namba 15 na 17, kwenye aina moja ya saratani kali ya damu inayoua haraka kwa kutoka damu. Aina hiyo leo inatibiwa na dawa yenye undugu na vitamini A, iliyoanzia kwa madaktari wa Shanghai miaka ya 1980, na ni moja ya saratani za damu zinazopona zaidi.

Msomi Ubungo:
Hoja ya kutafuta kilichokosekana dhidi ya kutafuta maungio nimeikubali. Sikuwa nimeifikiria hivyo.

Dada wa Muhimbili:
Habari zenu. Mimi nami ni mtu wa maabara, nina watoto wadogo watatu, na kwa miaka mingi nimekuwa na ndoto ya kurudi kusoma shahada ya uzamili MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Nimesoma uzi huu nikiwa kwenye mwendokasi, nikapitiliza kituo.

Nina ombi moja, kaka Mpimadamu. Tusiwaambie wanawake "mnaona, Rowley aliweza na watoto wanne, kwa nini ninyi mnalalamika". Someni vizuri alivyoweza. Alikuwa na mume mwenye kazi nzuri. Alikuwa na dada wa kazi ambaye malipo yake aliyaomba waziwazi kwa bosi. Na bosi alikubali kumpa hadubini mtu anayekuja siku chache kwa wiki, ambaye hakuwa na shahada ya uzamivu, alikuwa na udaktari wa tiba tu. Mabosi wangapi hapa mjini wangekubali? Mimi niliomba kupunguziwa zamu za usiku nisome, mahali nilipokuwa wakati huo, nikajibiwa kwamba kama nimechoka niache kazi niwapishe wenye nia.

Mpimadamu wa Temeke:
Dada, umesema kweli tupu na nakuunga mkono kwa asilimia mia. Jacobson anastahili kutajwa. Hakumwekea tarehe ya mwisho ya kutoa matokeo. Miaka minane bila jambo kubwa, na bado aliendelea kumletea slaidi za wagonjwa wenye damu za ajabu ili azitazame. Utafiti wa sasa wa miradi ya miaka miwili mitatu ungekuwa umeshamfungia mlango. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika maisha yake ya kazi: kuna mtu alimpa muda na meza, akamwacha atazame.

Na omba hiyo nafasi ya MUHAS, dada yangu. Nakuambia kwa moyo.

Dada wa Muhimbili:
Amina. Nyongeza ya Afrika kidogo. Mwaka 1987 alijiunga na Chuo Kikuu cha Chicago daktari wa Kinigeria, Olufunmilayo Olopade, aliyesomea udaktari Ibadan. Alifundishwa utafiti kwenye maabara ya Rowley. Baadaye yeye mwenyewe akajikita kwenye saratani ya matiti kwa wanawake wenye asili ya Afrika, jeni za BRCA ambazo zikiharibika zinaongeza hatari ya saratani hiyo, na kwa nini wanawake wa Nigeria wanaugua wakiwa na umri mdogo. Amekwenda na kurudi Nigeria miaka yote hiyo akifanya kazi na wenzake wa huko. Kwa hiyo mkono wa Rowley ulishafika bara letu, na si kwa dawa pekee.

Mama Rehema Tabata:
Jamani mimi si mtu wa sayansi, naomba mnivumilie. Mume wangu ana CML. Tulianza kuhangaika tumbo la kushoto linavimba, anakonda, usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa. Zahanati za mtaani tulizopita walimpa dawa za malaria, wakampa za taifodi, tukarudia tena. Ndugu wakaanza kusema karogwa, kwa sababu tumbo la mwanamume haliwezi kuvimba upande mmoja hivi hivi. Tulishapanga safari ya kwa mganga Handeni. Ni kijana mmoja daktari aliyesema hebu apimwe FBP kwanza, kile kipimo cha kuhesabu seli za damu. Seli nyeupe zilikuwa nyingi mpaka walirudia kipimo. Leo anatumia vidonge, tumbo limerudi, anafanya kazi.

Ninachotaka kuuliza: ni kweli huu ugonjwa ni wa kurithi? Mama mkwe anasema watoto wangu watakuja kuupata, na shemeji zangu wameanza kuniangalia vibaya, kama vile wanangu wana kasoro.

Mpimadamu wa Temeke:
Mama Rehema, pole sana kwa mliyopitia, na nakujibu wazi ili ukamsomee mama mkwe.

CML hairithiwi. Ule uhamisho kati ya namba 9 na 22 unatokea kwenye seli moja ya uboho, mtu akiwa ameshazaliwa, mara nyingi akiwa mtu mzima. Hiyo seli moja inazaa nyingine zenye kasoro ile ile, na ndizo zinazojaa kwenye damu. Mbegu zake za uzazi hazina kasoro hiyo. Watoto wako hawakupewa chochote na baba yao kwa upande huu. Pia hauambukizwi kwa kula pamoja, kulala pamoja wala kwa damu ya mbu. Sababu pekee inayojulikana vizuri ni mionzi mikali, kama waliyopata watu wa Hiroshima na Nagasaki. Kwa wagonjwa wengi hakuna sababu inayoonekana, hakuna aliyekosea.

Bandama ndiyo iliyokuwa inavimba, iko chini ya mbavu za kushoto. Inajaa seli nyeupe zisizo na kazi.

Upo upande mwingine wa jeni za saratani ambao kweli unatembea kwenye ukoo, kama hizo BRCA alizotaja dada, au saratani ya jicho ya watoto ambayo Knudson aliichunguza. Hizo ni habari tofauti. Watu wakisikia "jeni" wanadhani lazima iwe ya kurithi. Kazi ya Rowley ndiyo iliyosaidia dunia kuona kwamba jeni inaweza kuharibika ndani ya seli moja tu ya mtu, wakati mwili mzima uliobaki uko salama.

Mama Rehema Tabata:
Mungu akubariki. Namsomea leo leo.

Ngosha wa Kigamboni:
Mimi kwetu ni Sengerema. Kule tulikuwa tunaona watoto wanavimba taya, wengine wanakufa ndani ya miezi. Hiyo nayo inahusiana na kromosomu au ni kitu kingine?

Mpimadamu wa Temeke:
Inahusiana, Ngosha. Hiyo ni limfoma ya Burkitt, na kanda ya ziwa inaijua vizuri. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kikapatikana kwenye seli za uvimbe huo. Malaria ya kurudiarudia nayo inachangia, ndiyo maana inafuata maeneo yenye mbu wengi.

Uhamisho wa Burkitt hakuugundua Rowley. Walikuwa watafiti wa Sweden, 1976, waliotumia mbinu ile ile ya mistari wakaona namba 8 na namba 14 zimebadilishana vipande. Mwaka 1982 ikajulikana kwamba jeni inayohama ni MYC, inayoharakisha ukuaji wa seli. Lakini kwa wakati huo macho ya watu yalikuwa yameshafunguka kutafuta uhamisho, na aliyeyafungua ni yeye. Mtoto mwenye Burkitt akiwahishwa anatibika kwa dawa. Ukiona taya la mtoto linavimba haraka, usimpeleke kung'olewa jino, mpeleke hospitali kubwa.

Mwalimu Chanika:
Na dawa yenyewe ilipatikanaje? Maana umesema 1973 mpaka vidonge ni miaka mingi.

Mpimadamu wa Temeke:
Miaka 28, mwalimu. Kwanza zilihitajika hizo hatua za 1982 na 1990 nilizoeleza. Kisha kampuni ya Ciba-Geigy huko Basel, ambayo baadaye ikawa Novartis, ilikuwa inatengeneza kemikali za kuzuia vimeng'enya vya aina ya ABL. Mwanabiokemia Nicholas Lydon na daktari Brian Druker wa Oregon wakashirikiana kuzijaribu kwenye seli za CML, moja ikaziua seli zenye kromosomu ya Philadelphia na kuziacha nyingine. Mgonjwa wa kwanza alimeza Juni 1998. Kwa wagonjwa 54 wa hatua ya awali waliopata dozi ya kutosha, 53 damu yao ilirudi kawaida. Marekani ikaidhinisha Mei 2001. Katika utafiti mkubwa uliofuata, baada ya miaka 5 karibu 89 kati ya kila 100 walikuwa hai.

Rowley aliyaona haya yote akiwa hai. Mwaka 2009 Obama alimvisha Nishani ya Uhuru ya Rais. Alikuwa na miaka 84, na bado alikuwa anakwenda maabara kwa baiskeli. Alifariki tarehe 17 Desemba 2013 kwa saratani ya ovari. Mwaka huo huo ndio barabara ya Ocean Road, inayopita mbele ya taasisi yetu ya saratani, ilipewa jina la Barack Obama.

Mtani wa Mbagala:
Wakuu, mimi natumia hivi vidonge mwaka wa sita sasa. Nashukuru sana kwa uzi, sikujua historia ya ninachokimeza. Kipindi cha mwanzo macho yalikuwa yanavimba asubuhi na miguu inakaza misuli usiku, ila nimezoea. Daktari alinisisitizia kumeza na chakula na glasi kubwa ya maji, nikifanya hivyo kichefuchefu hakiji. Swali langu: kuna jamaa kwenye kikundi chetu ameacha kwa sababu anajisikia mzima, na kuna mwingine anamshawishi ahamie dawa za miti. Anasema huko Ufaransa watu wameacha na wako salama. Ni kweli?

Mpimadamu wa Temeke:
Nusu yake ni kweli, na hiyo nusu ndiyo ya hatari.

Ufaransa walifanya utafiti, matokeo yakatoka 2010. Walichukua wagonjwa ambao kipimo cha PCR, kinachotafuta alama ya BCR-ABL kwenye damu, kilikuwa hakioni chochote kwa zaidi ya miaka miwili mfululizo. Wakaacha dawa. Baada ya mwaka mmoja kama wanne kati ya kumi walikuwa bado safi. Sita ugonjwa ulirudi. Hao sita walikuwa wanapimwa PCR mara kwa mara, ukaonekana mapema, wakarudishiwa dawa wakatulia. Jamaa yako ameacha kwa kujisikia mzima, hana PCR ya miaka miwili, na hakuna anayempima. Seli zenye kromosomu ya Philadelphia zikibaki chache humsikii mtu akiumwa. Zikirudi zinaweza kurudi na mabadiliko mapya ambayo imatinibu haiyawezi, au ugonjwa ukaingia hatua kali ambayo hata dawa nyingine zinashindwa.

Dawa za miti: baadhi zinaongeza au kupunguza kiasi cha imatinibu kwenye damu. Akitumia chochote, amwambie daktari wake bila woga. Lakini vidonge asiache. Mwambie arudi kliniki wiki hii, aseme ukweli kwamba ameacha na tangu lini, ili wapime kwanza kabla ya kumrudisha.

Mtani wa Mbagala:
Nimempigia sasa hivi. Amekubali, Jumatatu tunakwenda wote. Nami nitauliza kuhusu PCR, maana yangu ya mwisho ni ya mwaka jana.